Kulifufua Gari Kuukuu kwa Fedha Kidogo: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Anayenunua gari la miaka ya 1990 kwa fedha alizodunduliza hubakiwa na kiasi kidogo tu cha matengenezo, na kiasi hicho ndicho kitakachoamua kama gari litarudi barabarani au litaozea uani. Mara nyingi fedha hiyo haimalizwi na ughali wa spea. Humalizwa na kubahatisha, na kuanza na kazi iliyopaswa kuja mwisho: rimu za kupendeza zinanunuliwa kabla ya breki, rangi inapigwa juu ya kutu, alteneta inabadilishwa kumbe kilicholegea ni waya wa betri. Ukipima kabla ya kununua, na ukifuata mpangilio, kiasi hicho kidogo kinaweza kutosha.

Mfano wetu ni Toyota Corolla 110, iliyotengenezwa kuanzia 1995 hadi 2000, yenye injini ya 5A-FE ya lita 1.5 au 4A-FE ya lita 1.6. Nimeichagua kwa sababu mafundi wengi wa Afrika Mashariki wanaifahamu, na spea zake zinapatikana Kariakoo na Ilala jijini Dar es Salaam na katika maduka ya Kirinyaga Road jijini Nairobi. Vipimo nitakavyotaja ni vya gari hilo, lakini mpangilio wa kazi unafaa kwa gari lolote la umri huo.

Nunua bodi na karatasi

Injini hubadilishwa kwa siku chache. Bodi iliyooza na karatasi zenye utata zitakusumbua miaka. Kwa hiyo ukaguzi uanzie huko.

Shika kadi ya gari, fungua boneti, usome namba ya chasisi iliyopigwa kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini. Ifanane na ya kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Fanya hivyo kwa namba ya injini pia, kwa sababu injini iliyobadilishwa bila kuandikishwa itakuwa kazi yako wewe mnunuzi. Anayekuuzia awe ndiye mwenye jina kwenye kadi, au awe na mkataba unaomuunganisha na mwenye jina. Tazama pia kama gari lina deni la faini za barabarani, na ulimalize suala hilo kabla fedha haijatoka mfukoni.

Kisha tafuta kutu. Gari lililoishi karibu na bahari hula chumvi ya hewa kwa miaka, na kutu yake huanzia mahali pasipoonekana: chini ya zulia la miguuni mwa dereva, kwenye shimo la tairi la akiba ndani ya buti, kwenye kingo za chini za milango, na pale juu shokapu za mbele zinapofungwa kwenye bodi. Kutu ya mlango inavumilika, maana mlango hununuliwa. Kutu iliyotoboa sehemu za kubebea uzito, kama hapo shokapu zinaposhika, ni sababu ya kuliacha gari. Tembea na sumaku ndogo iliyofungwa kwa kitambaa. Pasipoishika pana pati nene, na pati nene huficha ajali au tundu. Vuta mikanda ya usalama mpaka mwisho. Ukikuta mstari wa tope kwenye kitambaa chake, gari hilo limeonja mafuriko, na umeme wake utakutesa.

Mwombe mwenye gari asiliwashe kabla hujafika. Injini ya baridi husema mengi. Moshi wa buluu unaotoka kwa muda mfupi wakati wa kuwasha asubuhi huelekeza kwenye sili za valvu, kazi ya wastani. Moshi wa buluu unaoendelea kila unapokanyaga mafuta huelekeza kwenye ringi, kazi kubwa. Moshi mweusi ni mafuta yanayozidi. Moshi mweupe usiokata hata injini ikipata joto, huku maji ya rejeta yakipungua, ni dalili ya gasketi ya silinda hedi. Fungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa bado baridi: ukikuta utando wa mafuta juu ya maji, au oili yenye rangi ya chai ya maziwa kwenye kijiti, ondoka au shusha bei kwa gharama nzima ya kufungua injini.

Kama gia ni otomatiki, chomoa kijiti chake na unuse. Mafuta mazuri ni mekundu na hayanuki. Yakiwa meusi na yananuka kuungua, hesabu gharama ya gia boksi nyingine.

Fungua daftari, kisha pima

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nunua daftari moja la shule liwe la gari. Ukurasa wa kwanza andika kilomita zilizosomwa siku ulipolinunua, kisha kila kasoro unayoiona, kila kipimo, kila spea na bei yake. Usinunue chochote mpaka orodha ya kasoro ikamilike.

Igawe fedha yako mapema. Nusu iwe ya breki, upoozaji na injini. Robo iwe ya vyuma vya chini, umeme na bodi. Robo iliyobaki isiguswe, maana gari kuukuu likifunguliwa halikosi kuonyesha lingine lililojificha.

Vipimo vitano vya mwanzo vinakugharimu kidogo sana.

*Betri na chaji.* Kwa mita ndogo ya umeme, betri iliyojaa na iliyopumzika husoma karibu volti 12.6. Injini ikiwaka, isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikisoma chini ya hapo, kabla ya kuilaumu alteneta safisha vichwa vya betri, kaza waya wa ethi unaokwenda kwenye bodi na injini, na utazame feni belti kama imelegea. Pima tena baada ya hapo.

*Kompresheni.* Mwite fundi mwenye geji. Plagi zote nne zitolewe, mfumo wa moto na mafuta ukatwe, pedali ya mafuta ikanyagwe mpaka chini, kisha injini ipigwe staata. Silinda yoyote isisome chini ya psi 142 hivi, na tofauti kati ya silinda isizidi psi 14. Silinda ikisoma chini, mimina kijiko cha oili kwenye tundu lake la plagi na upime tena. Kipimo kikipanda, ringi zimechoka. Kikibaki palepale, tatizo liko kwenye valvu au gasketi. Kipimo hiki kimoja kinakuepusha na ovaholi isiyo ya lazima.

*Taa ya injini.* Corolla nyingi za umri huu hazihitaji kompyuta ya kusomea kasoro. Ndani ya boneti kuna kisanduku cheusi kilichoandikwa DIAGNOSIS, na ndani ya mfuniko wake pameandikwa jina la kila tundu. Injini ikiwa imezimwa, unganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, kisha washa swichi bila kupiga staata. Taa ya injini itapepesa. Ikipepesa haraka kwa mfululizo usiobadilika, hakuna kasoro iliyohifadhiwa. La sivyo, hesabu: mipepeso miwili, kituo, kisha mmoja ni 21, yaani sensa ya oksijeni, 22 ni sensa ya joto la maji, 31 ni sensa ya mvuto wa hewa, 41 ni sensa ya klapa ya hewa. Soma majina ya matundu kwa makini, kwani ukigusa tundu la +B kwa makosa utaunguza fyuzi au waya.

*Matairi.* Ubavuni, baada ya herufi DOT, tazama tarakimu nne za mwisho. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililopasuka nyufa ubavuni halifai hata kama lina kashata nene. Kashata ikifikia vijivimbe vidogo vilivyo ndani ya mifereji, imebaki milimita 1.6 na tairi limekwisha.

*Vyuma vya chini.* Gari likiwa limeinuliwa na kusimama juu ya stendi, shika tairi la mbele juu na chini ulitikise, kisha kushoto na kulia. Likicheza juu na chini, shuku boljointi au beringi. Likicheza kushoto na kulia, shuku tairodi au reki endi. Angalia pia mipira inayofunika joinzi. Iliyochanika huingiza mchanga, na mchanga huua joinzi nzima.

Mpangilio wa kutumia fedha

Kwanza, kinachosimamisha na kuelekeza gari. Breki za mbele ni za diski na za nyuma kwa kawaida ni za madishi. Fungua zote. Pedi iliyobaki chini ya milimita 3 ibadilishwe. Kama pistoni ya breki imekwama, huenda ikatosha kununua seti ya mipira yake na kuisafisha bila kununua kifaa kizima. Kisha badilisha mafuta yote ya breki. Mafuta hayo hunyonya unyevu kutoka hewani, na ukishuka mlima mrefu unyevu huo huchemka, pedali ikazama mpaka sakafuni. Tumia DOT 3 au DOT 4 iliyofunguliwa mbele yako, wala usiichanganye na DOT 5. Hapa ndipo pia pa kubadilishia boljointi au tairodi iliyocheza, na matairi yaliyokwisha.

Pili, upoozaji. Injini hizi ni ngumu, lakini huuawa na joto. Gari likichemsha, baadhi ya mafundi hukimbilia kuitoa themostati. Kataa. Themostati huruhusu maji kuzunguka yakifika nyuzi joto 82 hivi. Ikitolewa, injini huchelewa kupata joto lake, hula mafuta zaidi na huchakaa upesi, na chanzo cha kuchemsha kinabaki palepale. Tafuta chanzo hicho: mfuniko wa rejeta usioshika presha, rejeta iliyoziba, mpira uliolainika, pampu inayovuja, au feni isiyowaka kwa sababu swichi yake ya joto imekufa. Mfuniko na swichi ni vitu vya bei ndogo, navyo vikaguliwe kabla ya rejeta. Usijaze maji ya kisima, hasa ya pwani yenye chumvi. Hula alumini ya silinda hedi na kuziba rejeta. Mwaga maji yote, suuza mpaka yatoke meupe, kisha jaza kulanti iliyochanganywa na maji yaliyokenekwa ya kuwekea betri.

Tatu, injini yenyewe. Kama hujui taiming belti ilibadilishwa lini, ichukulie kuwa imekwisha, isipokuwa ukikuta stika ya Kijapani ndani ya boneti yenye tarehe na kilomita unazoweza kuziamini. Muda wake wa kawaida ni kilomita 100,000. Katika 4A-FE na 5A-FE belti ikikatika valvu hazigongani na pistoni, kwa hiyo injini haiharibiki, ila gari litazima popote lilipo, iwe ni darajani au ni katikati ya foleni. Mahali pakifunguliwa, badilisha pia beringi ya kukazia belti na sili za mbele za krenki na kamu, maana malipo ya fundi ni yaleyale.

Endelea na oili na filta yake, plagi, kisafisha hewa, na filta ya mafuta. Fungua mfuniko wa distribyuta. Vituo vyake vikiwa vimelika au vina ukungu wa kijani, badilisha mfuniko na rota pamoja. Fundi akipanga taimingi ya moto kwa taa, amwambie kwanza msaidizi aunganishe TE1 na E1, kisha alama isome nyuzi 10 kabla ya juu. Bila muunganisho huo kompyuta ya gari huendelea kuisogeza taimingi, na kipimo kinadanganya. Oili ya 10W-30 inafaa kwa injini iliyo nzima. Iliyochoka kidogo itastarehe na 10W-40 au 20W-50. Nunua chupa yenye sili isiyoguswa, dukani kwa mtu utakayempata kesho.

Nne, umeme. Gari kuukuu hujaa waya zilizoongezwa: redio, king'ora, taa za urembo. Kila waya uliounganishwa kwa kusokota na kufungwa gundi ya karatasi uondolewe au ufungwe upya pamoja na fyuzi yake. Kama usukani una mfuko wa hewa, waya na soketi za manjano zisiguswe kwa taa ya kupimia.

Mwisho, bodi na rangi. Kutu ndogo ishughulikie mapema kwa mkono wako: kwangua mpaka chuma king'ae, paka dawa ya kuzuia kutu, praima, kisha rangi. Kutu iliyotoboa ikatwe na kuchomelewa bati jipya. Pati juu ya tundu huanguka mvua za masika zikipita. Kwa rangi, tazama kibati cha utambulisho ndani ya boneti, penye maandishi C/TR. Namba ya kwanza hapo ni ya rangi, kwa mfano 040 ni nyeupe. Mpe namba hiyo mchanganya rangi, upake mlango mmoja au bampa tu. Kulipaka gari zima ni kazi ya mwaka unaofuata, ikiwa bado utaitaka.

Spea: mpya, mtumba na feki

Kila kinachochakaa kwa kusuguana au ni cha mpira kinunuliwe kipya: pedi, belti, sili, mipira ya maji, boljointi, themostati. Vya mtumba kutoka Japani hufaa sana kwa milango, taa, vioo, viti, alteneta, staata, kompyuta ya injini na gia boksi. Tairi la mtumba liache, kwa sababu huwezi kuona lilivyopigwa ndani.

Usiende dukani na jina la gari peke yake. Corolla 110 moja inaweza kuwa na 5A-FE na nyingine 4E-FE, injini isiyo ya mfano wetu, na spea hazifanani. Nenda na picha ya kibati cha utambulisho, na spea ya zamani mkononi. Vipuri vya Toyota vina namba ya sehemu ya herufi au tarakimu 10 zilizogawanywa tano tano; ukiisoma kwenye spea yako, mwenye duka hatakukisia. Boksi la bei iliyo chini mno, lenye maandishi yaliyofifia au tahajia mbovu, liachie mwenyewe.

Wewe na fundi wako

Fundi wa injini, fundi umeme na fundi wa bodi ni watu watatu. Mwenye heshima atakwambia kazi gani si yake. Kubalianeni kazi na malipo kabla boneti haijafunguliwa, na mwandike kwenye daftari. Spea nunua mwenyewe au mfuatane. Omba kila kipande kilichotolewa urudishiwe. Lipa kwa hatua, na hatua ya mwisho ilipwe baada ya kuliendesha gari pamoja. Fundi aliyefanya kazi safi mlipe kwa wakati na umrudie. Uhusiano huo utakuokolea fedha kuliko kupunguziwa bei mara moja.

Kazi nyingine zifanye nyumbani: oili, plagi, kisafisha hewa, vichwa vya betri, kuosha viti na mazulia. Seti ya spana, mita ya umeme na stendi mbili ni mtaji unaorudi haraka. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Usifungue rejeta ya moto. Usivute sigara karibu na betri inayochajiwa wala filta ya mafuta inapofunguliwa.

Wakati wa kuamua

Vipimo vikionyesha ringi zimekwisha, linganisha bei mbili: ovaholi kamili pamoja na kazi ya mashine, na injini ya mtumba iliyopimwa kompresheni mbele yako. Kwa injini zinazopatikana kwa wingi kama hizi, ya mtumba mara nyingi huwa nafuu. Ukiibadilisha, iandikishe kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), au kwa mamlaka ya usajili ya nchi yako, ili kadi isomeke sawa na gari.

Na kila mwisho wa mwezi jumlisha daftari. Gharama zilizobaki, ukiziongeza kwenye ulizokwishatoa, zikipita bei ya gari kama hilo lililo zima, simama. Uza kwa uwazi, ukimwonyesha mnunuzi kurasa zako. Zisipopita, endelea hatua moja baada ya nyingine, kata bima, liendeshe kilomita chache karibu na nyumbani kwa wiki mbili huku ukitazama oili na maji kila asubuhi, ndipo ulipeleke safari ya mbali.